Busu la Utosini

Mdomo ulianza kuniwasha nikiwa bado kazini, kwa hiyo nilifika kwa binti yangu na barakoa usoni. Nilinawa hadi viwiko kabla hajanisogezea kichanga chake.

"Mama, mbusu basi mjukuu wako."

"Simbusu. Malengelenge yangu ya mdomo yanarudi. Kwangu ni kero tu, kwake yanaweza kuwa kifo."

Akacheka kichovu. "Si mnatengeneza dawa yake huko kazini kwenu? Ile supu yenu ya kijani?"

Ndiyo, kutwa nzima nakoroga mwani mdogo usioonekana kwa macho, nakamua maji yake na kuvimwagia virusi vya malengelenge hayohayo. Vinashindwa kuingia kwenye seli. Nimezoea kurudi nyumbani nikinuka bwawa.

"Imekinga seli za kwenye sahani za maabara, mwanangu. Mtu bado."

"Basi mmechelewa," alisema, macho yakijifumba. Tangu ajifungue hajalala vizuri.

Nilikaa, mgongo ukiniuma. Nikanyoosha kidole, mtoto akakikamata kama anayenidai. Kucha zake zilikuwa laini kama karatasi iliyolowa.

Binti yangu akainama ambusu utosini. Kabla hajamfikia akasita, akajikuna pembeni ya mdomo. Akajikuna tena, palepale.

Niliutambua mkuno ule. Nilikichomoa kidole changu, nikaweka kiganja kati ya mdomo wake na utosi wa mtoto.

"Mama, nini tena?"

Kwa mkono mwingine nilikuwa natafuta barakoa ya pili kwenye mkoba.

"Hapo pembeni," nilimuuliza, "panakuwasha tangu lini?"