Maji ya Chumvi

Tunu, mkaguzi wa minara ya umeme, alikuwa shimoni akifukua mguu wa mnara uliosimama kando ya kibanda cha Bi Msimu. Bibi akaja na ndoo ya maji ya chumvi, ayamwage pale kama afanyavyo miaka nenda miaka rudi, mchwa wasije wakautafuna mnara ukamwangukia.

"Bibi wee, mchwa hawali chuma! Chumvi ndiyo inayokila."

"Yarabi! Kumbe nimejichimbia kaburi, mwanangu?"

Tunu alikwangua matope, kisha kutu. Bi Msimu akachungulia shimoni. Nyundo ikagonga, chuma kikalia kama kengele.

"Kutu imelamba juu tu. Mguu mzima huu."

Bi Msimu alishusha pumzi, akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. Kisha akayatazama maji ndooni, asijue pa kuyamwaga.