Ukuta Unaotoka Jasho

Mwaka ule sheria ilitaka kila familia iishi katika hema la kukunjwa, lenye kitambaa cha ngozi hai inayojiponya ikichanika. Fremu yake nyepesi, inayopinda bila kuvunjika, aliibuni Mwanakheri, naye aliionea fahari mpaka alipohamia ndani. Ukuta ulitoka jasho. Ulinuka kama kwapa.

Asubuhi moja alimkuta mwanawe mchanga akiunyonya. Alimvuta, akamfuta mdomo. Akampa titi. Mtoto akageuza uso, akalia.

“Muache, mke wangu,” mumewe alisema. “Angalau atashiba.”

“Ashibe nini, Haji? Hema?”

Mwanakheri alipoutazama tena ukuta, pale palipolowa mate ya mtoto ngozi ilikuwa imevimba, na chuchu ilianza kuota.