Unyusi wa Bi Inshirah

Kitendawili! Uko usoni pangu, lakini haunitii. Mkishindwa nipeni mji, kisha sikilizeni.

Bi Inshirah alikuja kwetu Shubra kumposea mwanawe binti wa dada yangu. Misri nzima ilimjua. Miaka nenda miaka rudi, filamu zilimpa kazi moja tu: mama mkwe katili. Akiinua unyusi wa kushoto, ukumbi wote wa sinema humzomea.

Siku ile aliketi sebuleni ameushika unyusi huo kwa kidole.

"Kichwa kinakuuma, dada?" dada yangu akamwuliza.

"Wapi! Nauzuia huu. Siku hizi unapanda wenyewe, hata nikinunua vitunguu. Muuza vitunguu ananipunguzia bei kwa woga."

Tulicheka mpaka machozi. Mwanawe hakucheka.

Binti akaingia na sinia ya glasi za sharubati nyekundu. Mama wa mume akishapokea glasi mkononi mwa binti, posa imekubaliwa. Na glasi hiyo, kwetu, hupokewa kwa mikono miwili.

Bi Inshirah akaitazama glasi aliyonyoshewa na binti. Akamtazama mwanawe. Akakiondoa kidole.

Unyusi ukapanda.

Binti akasimama pale pale, mkono hewani.

"Usiogope, mwanangu," Bi Inshirah akamwambia, na naapa alisema kutoka moyoni. "Nitakupenda kama niliyekuzaa mwenyewe."

Ndiyo maneno aliyomwambia kila mkaza mwana wa filamu, siku ya kwanza.

Binti akairudisha glasi kwenye sinia.