Ndoo ya Pili

Kila alfajiri jicho la mashine lililo darini lilihesabu watu wa nyumba, na bomba likatoa ndoo moja ya maji kwa kila mtu. Tangu mkewe afariki, Mzee Lukindo alikuwa akipata ndoo moja. Jumatatu hiyo alipata mbili, naye kwa uaminifu wake akatoa taarifa.

Ofisi ya maji ilimtuma fundi, binti aitwaye Tumsifu. Alifungua picha ya alfajiri: mzee ameketi ukingoni mwa kitanda, na nyuma yake shuka zilizokunjamana. Akaiamuru mashine ihesabu upya. Mmoja. Akarudia. Wawili. Akarudia tena. Mmoja.

"Picha si ni ileile?" mzee aliuliza.

"Ni ileile, babu. Mashine inajumlisha mamilioni ya namba kwa wakati mmoja, na kila mara zinafika kwa mpangilio tofauti. Kwa kawaida haidhuru, ila picha yako iko mpakani kabisa. Nitailazimisha ijumlishe kwa foleni, jibu lisibadilike tena."

"Litakuwa lipi?"

"Mmoja, bila shaka."

Mzee aligeukia dirisha, hakutaka kuona. Nyuma yake vidole vya binti vilibofya, vikatulia, vikabofya tena, mara nne.

"Babu," alisema kwa sauti ndogo, "inasema wawili. Kila mara."

Neno la jicho halikuwa na rufaa.

"Fomu inataka jina la mtu wa pili."

Tangu matanga yaishe, hakuna aliyemuuliza habari za mkewe. Mzee aliketi, akalitaja jina la mkewe polepole, ili binti asikosee kuliandika.