Magoti ya Joviana

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Mutalemwa aliteremka kwenye pikipiki uani kwa mzee Rugaibula, kijijini Kagoma, na jambo la kwanza aliloliona ni mwanamke aliyemsalimia akiwa wima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu, akasubiri. Magoti hayakukunjwa.

Mutalemwa alikuwa afisa wa fidia kutoka Bukoba, na salamu ndiyo ilikuwa mtego wake. Kwa wanaume aliangusha kalamu, aone nani atainama kuiokota. Kwa wanawake hakuwa na haja ya kuangusha kitu: alivaa tai, akaja na mvi zake, akasalimiwa. Binti wa Kihaya hufundishwa kupiga magoti kabla hajafundishwa kusoma, na kiuno kinachodai fidia husahau madai yake kikikutana na mgeni wa heshima. Mwaka uliopita mama mmoja kutoka Kimwani alishuka mpaka chini, akaulizwa hali ya mgongo, akabaki hukohuko chini akitafakari.

Huyu Joviana hakushuka. Faili lake lilisema aliteleza kwenye ngazi za ghala la kahawa mjini Muleba, debe limejaa kichwani, akaangukia mgongo. Tangu hapo hawezi kuinama. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, lakini picha za mgongo mara nyingi hazionyeshi kitu. Mutalemwa alikuwa ametoka Bukoba akiwa haamini hata nukta moja.

Alikaribishwa ndani. Joviana akaleta kahawa ya kutafuna, akamshushia kikapu kutoka juu, kama mtu anayemlisha ng'ombe ng'ambo ya ua.

Mama mkwe wake, Kokuhirwa, aliyeketi kwenye mkeka, alifumba macho kwa fedheha.

"Umeona, waitu, mgeni wetu? Tangu Pasaka! Mimi kwa mama mkwe wangu nilipiga magoti hata nikienda kuomba chumvi. Huyu ananiamkia kutoka huko kwenye paa."

"Mama, ni mgongo," alisema Joviana.

"Mgongo! Jumapili padri ameinua hostia, kanisa zima chini, yeye amesimama kama mnara wa simu. Padri alidhani ana tangazo."

"Lakini daktari alisema..."

"Daktari mwenyewe mtoto wa juzi. Nimekwisha kukuambia: mpaka mtu wa serikali aje anitamkie kwa mdomo wake. Hapo nitanyamaza."

Mutalemwa aliona mtego wake unahitaji chambo kikubwa zaidi. Akaomba kuonana na baba mwenye nyumba.

Mzee Rugaibula aliingia na fimbo yake, akitoka kwenye migomba. Jirani yao Agnetha, aliyekuja kuazima ungo na kusahau kuondoka, alishuka chini palepale mlangoni, mtoto mgongoni. Kokuhirwa naye akaacha kuketi, akapiga magoti, na magoti yake yakalia kama kuni kavu. Katikati ya nyumba alibaki Joviana peke yake, ameshika nguzo, jasho linamtoka.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimtazama kuanzia miguuni kwenda juu, safari iliyokuwa ndefu kuliko alivyozoea.

"Siku hizi," alimwambia mgeni, "nikiingia humu nauliza kwanza mwenye nyumba ni nani."

Agnetha alicheka ndani ya kanga. Kabla ya jua kuzama, Kagoma yote ingekuwa imecheka naye.

Mutalemwa alizipima hoja zake moja moja. Alikuwa ameona watu wakidanganya kwa ajili ya fidia, wakiapa kwa marehemu wao, wakichechemea mguu usiohusika. Lakini hakuwahi kumwona mkamwana anayeweza kusimama wima mbele ya baba mkwe, jirani mwenye mdomo akiwa shahidi, kwa sababu ya malipo tu. Aibu ya namna hiyo hakuna mfuko unaoweza kuifidia. Kwa hiyo mgongo ulikuwa mbovu kweli. Akafunga faili.

"Nimeridhika," alisema. "Huyu ameumia kazini, na atalipwa. Asiiname, asibebe mzigo, na asipige magoti kwa mtu yeyote."

Joviana hakuuliza atalipwa kiasi gani.

"Hilo la mwisho, waitu, ungelirudia kidogo? Mama sikio la kushoto halisikii vizuri."

Mutalemwa akalirudia kwa sauti.

"Mtu yeyote?" aliuliza Kokuhirwa.

"Yeyote, mama."

"Hata askofu?"

"Hata askofu."

Kokuhirwa alirudi kuketi kwenye mkeka wake. Serikali ilikuwa imetamka. Mpaka mgeni anapanda pikipiki yake, mama huyo hakusema neno jingine, na Agnetha aliapa baadaye kwamba jambo hilo halijapata kutokea.

Alhamisi iliyofuata, saa mbili asubuhi, Mutalemwa alifika kwenye lile ghala la Muleba kuchukua maelezo ya meneja. Uani, wanawake walikuwa wakizoa kahawa kwenye maturubai na kuipandisha ghalani. Mmoja wao aliinama, akanyanyua debe lililojaa, akajitwika bila kusaidiwa, akaanza kupanda ngazi. Katikati ya ngazi aligeuka, akamwona.

Joviana alishuka. Akalitua debe taratibu, akapangusa mikono kwenye kanga, akapiga magoti yote mawili vumbini, mgongo umenyooka, vizuri kuliko mwanamke yeyote aliyewahi kumsalimia.

"Shikamoo, mzee. Fidia sitaki, nimeshamwambia meneja; lile neno lako la mwisho linanitosha. Ila Kagoma usiseme kitu. Kule wanajua nimepewa kazi ya kukaa."