Kovu la Kidevuni

Kidole cha Wening kilikuwa juu ya kitufe cha kuhifadhi. Faili la kitabu cha Yasini cha arobaini ya marehemu lilikuwa zito mno kutumwa kwa barua pepe, na mchapaji wa mjini Solo alimwambia apunguze ubora wa picha. Alikuwa ameshaupunguza.

"Kovu lake liko wapi?" akauliza mama wa marehemu, aliyeketi ubavuni pake.

"Kovu gani, bibi?"

"La kidevuni. Aliangukia jiwe la kusagia pilipili. Mtundu huyo, we acha tu."

Wening akatazama picha ya marehemu. Kidevu kilikuwa laini, kama cha mtu mwingine. Akihifadhi hivyo, basi, kovu limepotea. Picha nyingine haikuwepo popote. Simu ya marehemu ilizama naye.

Akairudisha picha kama ilivyokuwa. Kovu likatokea, dogo kama punje ya mchele. Bibi akaligusa kwenye kioo cha kompyuta, asiondoe kidole.

Simu ya Wening ikalia; alikuwa mchapaji. "Dada, bado tu?" Wening akamweleza kuhusu kovu. "Nani atakagua kidevu? Nafunga saa kumi!"

"Usifunge. Tunakuja."

Wening akanakili kitabu kwenye flashi, akaichomoa, akamvalisha bibi kofia ya pikipiki, akamfungia mkanda taratibu chini ya kidevu.

"Nishike kiunoni, bibi."