Kitasa Kisicho na Ufunguo

Kitasa cha nyumba ile hakikuwa na tundu la ufunguo. Shomari, mpenda mitambo, alikipachika mwenyewe, nacho kilitii simu yake tu. Mchana huo mama mkwe wake alipopiga hodi, alimtazama kwenye kamera, akamwacha juani mpaka akaondoka.

"Mama yangu alikuwa na kiu," mkewe Rukia akasema.

"Angetoa taarifa." Shomari hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Hapa haingii mtu wala hatoki bila idhini yangu. Hujazoea tu?"

"Nifungulie niende kwake."

"Nenda. Kurudi utaniomba."

Akabonyeza, mlango ukafunguka. Rukia akanyoosha mkono juu ya kabati, akachomoa kisanduku cha intaneti, kile kilichokipa kitasa masikio, akakitia kwapani na kutoka. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Alikuwa amefika uani aliposikia kitasa kikitikiswa, kisha matusi, kisha mlango ukipigwa teke. Rukia akasimama, waya wa kisanduku umelala vumbini.

"Hodi," Shomari akasema kutoka ndani.